Remington 870 iliyotoka polisi: inunue, lakini ikague ndani kwanza

Kaka mmoja mzaliwa wa Tanga, ambaye sasa anaishi nje kidogo ya Dallas, Texas, ameniuliza hivi: duka la silaha la jirani limepokea shotigani kadhaa za pampu (zile unazovuta mshiko wa mbele nyuma na mbele ili kupakia), Remington 870, zilizokuwa za idara ya polisi. Kwa nje zimechakaa, lakini bei iko chini kabisa ya bunduki mpya. Anataka moja ya kulinda nyumba, na akipata nafasi aende nayo kuwinda njiwa. Yeye ni mrefu, mkewe ni mfupi, na wote wawili wataitumia. Ana grini kadi. Je, anunue? Aangalie nini dukani? Na akishanunua, abadilishe nini kwanza?

Nunua, kaka. Nasema hivyo bila kusita, kwa sababu 870 ya polisi ni bunduki iliyotengenezwa kwa uangalifu kuliko zile za bei rahisi ambazo kampuni hiyohiyo ilikuwa ikiwauzia raia. Lakini usinunue kwa sura. Mikwaruzo ya nje haikwambii lolote kuhusu afya ya bunduki ya polisi, na ukiitumia kuamua utaacha nzima na kubeba mbovu.

Kwanza uelewe zinatoka wapi. Idara ya polisi ikitaka silaha mpya, huzipeleka zile za zamani kwa muuzaji naye huzikatia thamani kwenye bei ya mpya. Ndiyo maana huja kwa mafungu, zote zikifanana, na nyingine zikiwa na namba ya gari au ya kabati iliyochongwa kwenye kitako. Zimekuwa nyingi sokoni kwa sababu polisi wa Marekani wamehamia kwenye raifo. Tukio linalotajwa sana ni lile la North Hollywood, Los Angeles, tarehe 28 Februari 1997, pale majambazi wawili wa benki waliovaa nguo za kuzuia risasi walipopambana na askari wenye bastola na shotigani, na risasi za askari hazikuwapenya. Baada ya hapo idara nyingi ziliweka raifo ndani ya magari ya doria. Shotigani zikabaki zimening'inia, au zikavishwa kitako cha rangi ya chungwa na kupewa kazi ya kupiga vifuko vya kitambaa vya kutuliza ghasia.

Kwa hiyo bunduki ya doria huishi maisha ya ajabu. Inakaa kwenye kishikizo cha gari mwaka baada ya mwaka, ikitikiswa barabarani, ikipigwa na joto la Texas na jasho la mikono, halafu inafyatuliwa mara chache siku za majaribio ya shabaha. Rangi inaondoka, kitako kinapasuka, lakini chuma cha ndani bado kibichi. Bunduki ya chuo cha polisi ni kinyume chake: inalala kabatini ikiwa safi, lakini kila kundi la makuruta limeipigisha risasi hadi basi. Muulize muuzaji fungu lake limetoka doria au chuoni. Asipojua, chuma chenyewe kitakwambia.

Kabla ya chuma, sheria. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu. Utajaza fomu 4473, utaandika namba yako ya ugeni, na jina lako litakaguliwa na FBI kupitia NICS, mfumo wao wa kuangalia rekodi za wanunuzi wa silaha. Nayasema haya kwa sauti kwa sababu Waswahili tunasoma halafu tunamtumia ndugu: mwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, kwa kawaida haruhusiwi kuinunua wala hata kuishika, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Na usimnunulie binamu kwa jina lako kwa pesa yake. Tangu sheria ya mwaka 2022, kosa hilo linaweza kukupeleka jela hadi miaka 15, na kwa mgeni mwenye makazi ya kudumu ni njia ya haraka ya kupoteza kila kitu ulichojenga huku.

Jambo la pili la sheria ni urefu. Mtutu wa shotigani usipungue inchi 18, yaani sentimita 45.7, na bunduki nzima isipungue inchi 26. Polisi wana ruhusa ya kutumia mitutu ya inchi 14, na mitutu hiyo hutenganishwa na bunduki zake ikazunguka sokoni kama spea. Ukiufunga nyumbani bila kibali cha serikali kuu umetenda kosa kubwa. Kupima ni rahisi: hakikisha bunduki haina risasi, funga bolti (chuma kinachoziba nyuma ya mtutu), ingiza kijiti cha mbao kutoka mdomoni mpaka kiguse uso wa bolti, weka alama, kitoe, kipime.

Sasa dukani. Omba ruhusa ya kuikagua, geuzia mdomo mahali salama, vuta pampu nyuma, angalia chembani, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa macho kisha uingize kidole, halafu uguse mwisho wa magazini, lile bomba la risasi chini ya mtutu. Fanya hivyo hata kama muuzaji ameshafanya mbele yako.

Soma maandishi ubavuni kushoto. Ile halisi imeandikwa 870 Police Magnum. Idara ndogo zisizo na bajeti zilinunua pia 870 Express, toleo la bei nafuu lililoanza mwaka 1987, au Wingmaster, ile ya rangi ya kung'aa. Wingmaster usiikatae, ni nzuri sana. Express nayo inafanya kazi, lakini usiilipie bei ya Police. Tofauti zao zipo ndani: Police ina springi nzito zaidi za magazini na za triga, kucha ya kuvutia ganda iliyochongwa kutoka kwenye chuma kizima, na kikinga cha triga cha alumini ambapo Express nyingi zina cha plastiki. Magazini yake pia haina vile vivimbe viwili vilivyobonyezwa ndani mwa bomba la Express, ambavyo huzuia kirefusho cha magazini.

Ukiangalia upande wa kushoto wa mtutu, karibu na unapoingia kwenye bodi (lile boksi la chuma la katikati ya bunduki), utaona herufi mbili ndogo zimegongwa. Herufi ya kwanza ni mwezi mtutu ulipotengenezwa, kwa mpangilio wa neno BLACKPOWDERX: B ni Januari, L Februari, A Machi, hivyohivyo mpaka X ambayo ni Desemba. Ya pili ni mwaka. Kumbuka ni tarehe ya mtutu peke yake, maana mitutu ya 870 hubadilishwa kwa mkono bila fundi: bolti hujifunga ndani ya mkia wa mtutu wenyewe, na bodi haibebi ule mzigo mkubwa wa mlipuko. Ndiyo sababu moja ya bunduki hii, iliyoanza kuuzwa mwaka 1950, kudumu vizazi vingi na kuuzwa zaidi ya milioni kumi.

Kisha ufungue kifuniko cha magazini, utoe mtutu, na uangalie mahali ambapo wanunuzi wengi hawaangalii: bomba la magazini pale pampu inapopitia. Kutu hujificha pale chini ya mshiko kwa sababu askari anafuta anachokiona tu. Kutu nyembamba ya juujuu inatoka kwa mafuta na sufi laini ya chuma. Mashimo yaliyokula chuma, au mbonyeo ulioachwa na kishikizo cha gari, ni habari nyingine. Bomba hilo limeunganishwa moja kwa moja na bodi, halifunguki kama skrubu, na kulibadilisha ni kazi ya karakana yenye vifaa. Ukikuta mbonyeo unaokwamisha pampu, irudishe, chukua nyingine kwenye fungu.

Mtutu ulioutoa uelekeze kwenye mwanga na uchungulie. Unatafuta kivuli cha duara kinachokatiza ndani, kama pete. Hicho ni kivimbe: kuna siku risasi ilipigwa huku kitu kimeziba. Mtutu wa namna hiyo haurekebishwi. Angalia pia ile pete ya chini inayoshika mtutu na magazini, kama haijaachia kwenye maungio.

Ndani ya bodi kuna sehemu mbili zinazostahili tochi. Ya kwanza ni kirusha ganda, ukanda mwembamba wa springi uliopigwa ribiti ukutani upande wa kushoto. Ncha yake ikivunjika, maganda hayaruki, na kuubadilisha kunahitaji kutoa ribiti na kupaka rangi upya kwa nje. (Hapa Mossberg, kampuni shindani, inaishinda Remington: kirusha ganda chake kimefungwa kwa skrubu moja.) Ya pili ni vizuizi vya risasi, vile vyuma viwili vyembamba kushoto na kulia vinavyozuia risasi zisiporomoke kutoka magazini. Vimepondewa kwenye bodi ili visitoke. Vikilegea, bunduki inaanza kudondosha risasi au kushindwa kuzipandisha. Vitikise kwa ncha ya kidole. Mchezo mdogo ni kawaida, ila vikicheza kama jino la mtoto, unahitaji fundi mwenye kifaa cha kuvipondea tena.

Ukitazama uso wa bolti na yale mataruma mawili yanayounganisha pampu na bolti, utajua ni ya doria au ya chuo. Ya doria ina rangi karibu yote mahali hapo. Ya chuo imeng'arika mpaka chuma cheupe. Iliyong'arika si lazima uikatae, maana pampu yake huteleza vizuri ajabu, lakini ipunguziwe bei na springi zote zibadilishwe.

Malizia kwa kujaribu utendaji wake, ukiomba risasi bandia za mazoezi. Jaza magazini: kila risasi iingie kwa mlio wa kukaza na ibaki. Pampu mpaka ziishe: kila moja ipande na itoke. Halafu bila kitu chembani, vuta pampu nyuma na uirudishe mbele, weka sefti, bonyeza triga kwa nguvu, iachie, kisha ondoa sefti bila kugusa triga. Nyundo ikianguka wakati huo, irudishe mezani. Na pampu ikiwa imefungwa na nyundo imekokiwa, isifunguke mpaka triga ivutwe au kile kitufe kidogo cha kufungulia kibonyezwe.

Kwa bunduki za kabla ya katikati ya miaka ya 1980 kuna suala la kijiko cha kunyanyulia risasi. Vijiko vya zamani ni bapa. Vya baadaye vina mkato katikati wenye umbo la herufi U, na mkato huo unakuwezesha kufungua bunduki hata risasi ikipenya ikakwama chini ya bolti. Kwa matumizi ya nyumbani ningechagua chenye mkato. Kuigeuza ya zamani kunataka kijiko, bolti na kibebeo chake vyote kwa pamoja, na gharama hiyo inakula nafuu uliyoipata.

Umeshaipeleka nyumbani. Kabla ya kufungua tovuti za mapambo, ioshe. Fungua kila kinachofunguka, toa mafuta yaliyogeuka utomvu, na usugue chemba. Chemba ya bunduki iliyokaa muda mrefu hushika utando wa kutu na plastiki ya risasi, na maganda ya bei rahisi hung'ang'ania humo, ukavuta pampu ikagoma. Brashi ya shaba na sufi laini ya chuma yenye mafuta kidogo vinatosha. Usitumie msasa.

Halafu springi ya magazini. Ya kwako imekaa imebanwa miaka kadhaa ndani ya gari, na springi iliyochoka ndiyo inayokufanya upampu ukakuta chemba tupu. Nunua mpya pamoja na kisukumio (kipande kinachokaa kati ya springi na risasi) cha rangi kali, ya chungwa au kijani, ili ukichungulia ujue papo hapo kwamba magazini ni tupu. Ni matengenezo ya gharama ndogo kuliko yote na yenye faida kuliko yote. Kama unaona hata dalili ya uchovu kwenye springi ya kucha, iweke mpya pia.

Linalofuata ni kitako, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ya shemeji. Kitako cha kiwandani kina urefu wa inchi kama 14 kutoka kwenye triga mpaka begani. Kwa mtu mfupi hicho ni kirefu. Utamwona analaza mgongo nyuma, bega linarudi, mkono wa kushoto unanyooka kabisa kuifikia pampu, na risasi ikilia bunduki inampiga shavuni na kumsukuma. Watu husema mwanamke ameogopa bunduki. Hajaogopa, amepewa kitako cha mtu mwingine. Magpul SGA kinaanzia inchi 12.5 na kurefushwa kwa vipande mpaka 14.5. Hogue wana kifupi cha inchi 12. Kiweke kwa kipimo cha shemeji na uache hivyo. Mtu mrefu hutumia kitako kifupi bila shida yoyote, hasa akiwa amevaa koti; mfupi hawezi kutumia kirefu. Ndio maana nyumba ya watu wawili hupimwa kwa aliye mfupi.

Tochi ni ya lazima kwa bunduki ya nyumbani, na sababu yake ni watoto na wageni: hupaswi kumwelekezea mtu usiyemtambua gizani. Chukua ile iliyojengwa ndani ya mshiko wa pampu, kama Streamlight TL-Racker au zile za SureFire, ili mkono usihame. Uwe na tochi nyingine ya mkononi pia, maana tochi ya bunduki haifai kutumiwa kutafutia funguo wala kuchungulia nani anafungua friji.

Kibebeo cha risasi cha ubavuni kinasaidia, mradi uchague kile cha kitambaa kinachobandikwa kwa velkro. Vile vya alumini vinavyofungwa kwa skrubu ndefu ni imara, lakini mtu akikaza skrubu kupita kiasi anaubana mwili wa bunduki na pampu inaanza kukaza. Wateja huniletea bunduki "iliyoharibika" ambayo dawa yake ni robo mzunguko wa bisibisi. Mshiko wa Police ni mfupi na unaacha nafasi ya kibebeo hicho. Mshiko mrefu wa kuwindia utakigonga.

Kirefusho cha magazini cha risasi mbili ni sawa, ukikumbuka kwamba uzito wote unaongezeka mbele, mkononi mwa shemeji. Shanga ya shaba mdomoni inatosha kama shabaha kwa umbali wa ndani ya nyumba. Vishikio vya bastola visivyo na kitako, vitundu vya kupoza mtutu, vitufe vikubwa vya sefti, mikanda ya rangi: acha. Pesa hiyo nunulia risasi.

Risasi zenyewe zina mambo. Shotigani haitapanyi risasi mlango mzima kama watu wanavyodhani. Gololi za namba 00, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 8.4, zinatoka zikiwa kundi, na kwa umbali wa sebule kundi hilo linaweza kuwa dogo kuliko kiganja. Zinapenya kuta za jasi, tena zaidi ya moja, kwa hiyo ujue watoto wanalala upande gani. Pima umbali mrefu kuliko wote ndani ya nyumba yako, nenda uwanjani, piga karatasi kwa umbali huohuo na aina mbili tatu za risasi. Risasi za kampuni ya Federal zenye FliteControl, kikombe cha plastiki kinachoshikilia gololi, hukaza kundi vizuri hata kwenye mtutu mfupi wa polisi. Kwa shemeji tafuta zilizoandikwa kwamba zina msukumo mdogo.

Njiwa hawapigwi kwa mtutu wa inchi 18 isipokuwa kwa bahati. Nunua mtutu wa pili uliotumika, wa inchi 26 au 28, wenye vibano vya kubadilisha, vile vipande vya mdomoni vinavyobana gololi zisitawanyike upesi. Unaingia kwenye bodi yako ndani ya dakika moja. Serikali kuu inataka bunduki ya kuwindia ndege wahamao isibebe zaidi ya risasi tatu kwa jumla, ikiwa na kizibo ndani ya magazini ambacho hakitoki bila kuifungua bunduki. Kama umeweka kirefusho, kiondoe kabla ya msimu kuanza Septemba.

Spea zisikutie wasiwasi. Remington ilifilisika mwaka 2018, ikafilisika tena 2020 na kuuzwa vipandevipande. Utengenezaji wa 870 ulirudi mwaka 2021 chini ya wamiliki wengine. Kwa wingi wa bunduki hizi, springi na kucha utazipata kwenye kila duka. Ila usimtumie mjomba Tanga kitako au mtutu kwenye sanduku la nguo. Kuisafirisha silaha au spea yake kuu nje ya Marekani kuna taratibu za leseni, na Tanzania nayo ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Kuitunza nyumbani: magazini iwe na risasi, chemba iwe tupu, nyundo iwe imeshuka, na bunduki iwe ndani ya kabati la kufungwa kwa namba ambalo wewe na shemeji mnaweza kulifungua gizani. Chemba tupu siyo mapenzi yangu tu. Sefti ya 870 huzuia triga peke yake, haishiki nyundo, na bunduki ikianguka ikiwa na risasi chembani inaweza kulia yenyewe. Texas inamwajibisha mtu mzima ambaye silaha yake yenye risasi imefikiwa na mtoto wa chini ya miaka 17, kwa hiyo kabati linunuliwe siku ileile unayochukua bunduki, kwenye risiti ileile ikibidi.

Ukifika dukani, nitumie picha ya maandishi ya ubavuni, ya uso wa bolti, na ya bomba la magazini ukiwa umetoa mtutu. Kwa hizo tatu nitakwambia ipi kwenye fungu uichukue.